Upanga Kifuani mwa Dokkaebi

Mchezo wa televisheni ambao Wakorea huufupisha jina wakauita Dokkaebi tu ulianza kuonyeshwa na kituo cha tvN tarehe 2 Desemba 2016, ukamalizika tarehe 21 Januari 2017 baada ya sehemu 16. Jina lake kamili lina mzaha wa maneno usiotafsirika. Lamsifu aliye mpweke na mwenye kung'aa, na silabi ya mwisho ya sifa hiyo, shin, ambayo katika sarufi ya Kikorea ni alama ya heshima tu, imeandikwa kwa herufi ya Kichina yenye maana ya mungu. Silabi hiyo hiyo ndiyo jina la shujaa, Kim Shin. Hivyo, kabla ya picha ya kwanza kuonekana, mtungaji Kim Eun-sook amekwisha kutia heshima, uungu na mtu katika tamko moja.

Mafanikio ya mchezo huu yajulikana. Sehemu ya mwisho ilitazamwa katika zaidi ya asilimia 20 ya nyumba zilizopimwa, kiasi ambacho mchezo wa kituo cha kebo nchini Korea haukuwa umekifikia kabla yake, na katika tuzo za Baeksang za mwaka 2017 mtungaji alipewa tuzo kuu ya televisheni na Gong Yoo, aliyeigiza Kim Shin, akapewa ile ya mwigizaji bora. Hata leo wapenzi wa mchezo husafiri mpaka gati la mawe karibu na Jumunjin, katika pwani ya Gangneung, wakasimama mahali aliposimama shujaa na kupigwa picha. Wengine huvuka bahari kuutafuta mlango mwekundu wa mtaa wa Petit-Champlain katika mji wa Quebec. Wengi waliojaribu kueleza mapenzi haya wamesema ni uzuri wa sura, nguo ndefu za majira ya baridi, nyimbo na mandhari. Vitu hivyo vimo, wala hapana sababu ya kuvibeza. Walakini vimo pia katika michezo kadha wa kadha ambayo watazamaji waliisahau kabla ya majira kugeuka. Yafaa jibu litafutwe ndani ya hadithi yenyewe, na hasa katika chuma kilichochomekwa kifuani mwa shujaa wake.

Kim Shin ni jemadari wa ufalme wa Goryeo, uliodumu tangu mwaka 918 hata 1392. Amerudi na ushindi, na ushindi huo ndio unaomponza. Mfalme Wang Yeo, kijana asiyejiamini (mtungaji amembuni yeye, ingawa ukoo wa Wang ndio uliotawala Goryeo kweli), amejazwa wivu na towashi wake, Park Joong-heon, anayemnong'oneza sikioni usiku na mchana. Jemadari anauawa mbele ya lango la kasri kwa upanga wake mwenyewe, na dada yake, aliye malkia, anauawa siku hiyo hiyo. Mwili wake waachwa kondeni. Lakini watu wadogo aliowapigania hawaachi kumwombea, na kwa dua zao anainuka, akiwa si mtu tena. Uzima huo ni thawabu na adhabu kwa pamoja. Hatakufa; atawazika wote awapendao; na upanga utakaa kifuani mwake mpaka atokee bibi-arusi wake, ambaye peke yake aweza kuuona na kuuchomoa. Siku atakapouchomoa, Kim Shin atakuwa si kitu.

Hapa ndipo penye ufundi wa hadithi. Katika visa vingi vya mapenzi na mizungu kizuizi kiko nje ya wapenzi: baba mkali, tofauti ya mali, vita, ugonjwa. Katika Dokkaebi kizuizi kiko katika mapenzi yenyewe. Kim Shin amemngoja bibi-arusi kwa zaidi ya miaka 900 kwa kuwa amechoka kuishi. Amempata, naye ni Ji Eun-tak, mwanafunzi yatima anayeonewa na shangazi yake na anayeona mizimu tangu utotoni. Na kwa sababu amempata, hataki tena kufa. Kila hatua inayomthibitisha msichana kuwa ndiye bibi-arusi wa kweli ni hatua ya kumkaribia muuaji. Mtazamaji hujikuta ametegwa: ataka wapendane, na kila wakipendana aogopa. Mtungaji hakuishia hapo. Baadaye yabainika kwamba upanga usipochomolewa, mauti yatamwandama msichana mwenyewe, ajali baada ya ajali, kwa kuwa amezaliwa kwa kazi hiyo. Mmoja wao lazima aondoke. Hesabu ya namna hii ni kali kuliko ilivyo desturi ya michezo inayotazamwa Ijumaa na Jumamosi jioni.

Msomaji aliyelelewa na visa vya Liongo Fumo atautambua upesi upande mmoja wa habari hii: shujaa mwenye nguvu kupita mfalme, mfalme mwenye hofu, na mwili usioingiwa na silaha yoyote ila moja. Upande wa pili umegeuzwa. Sindano ya shaba iliyomwua Liongo ilitiwa kitovuni na mwana aliyemsaliti. Upanga wa Kim Shin umekwisha kutiwa zamani na wasaliti, na kifo kimo katika kuutoa, kwa mkono wa ampendaye.

Neno dokkaebi lenyewe lataka uangalifu, kwa maana tafsiri za haraka zimelipotosha. Kumwita jini hakufai, kwa kuwa majini ni umma wenye asili yao, koo zao na dini zao. Zimwi hula watu, na pepo hupanda kichwani. Dokkaebi wa ngano za Korea si roho ya mtu aliyekufa. Huzaliwa katika vyombo vikuukuu, kama vile ufagio uliochakaa ukaingiwa na damu. Hupenda mieleka, humzuia msafiri njiani usiku na kumwambia washindane. Ana rungu la kuleta mali na kofia ya kumficha asionekane. Ni mwepesi wa kudanganyika, tena mlafi wa chakula kipikwacho kwa unga wa nafaka iitwayo memil, ambao hugandishwa ukakatwa vipande. Kwa ufupi ni kiumbe wa kuchekesha, na ni rafiki wa maskini.

Kim Eun-sook amemtwaa kiumbe huyo akamvua karibu kila kitu. Amemfanya kuwa mtu, tena mtu wa cheo. Akampa hoteli, nyumba kubwa ya Seoul na ukoo mzima wa watumishi wa kurithiana. Hasara yake ni dhahiri, maana yule dokkaebi wa wakulima, anayemkuta fukara njiani na kumwachia fedha, hayumo tena, na mahali pake pamekaliwa na bwana mwenye nacho, aina ambayo mtungaji huyu aliizoea tangu Wapenzi wa Paris mwaka 2004. Lakini hakumfukuza kabisa. Memil imebaki. Si chakula tena bali ni ua: Kim Shin ampa Eun-tak shada la maua hayo meupe madogo siku ya kuzaliwa kwake, na konde alilolala maiti wake karne zile, upanga ukiwa umesimama juu yake, ni konde la memil. Aliyezijua ngano ataona jinsi tumbo la dokkaebi wa kale lilivyogeuzwa kuwa kaburi na posa. Asiyezijua ataona maua tu, na maua yanamtosha.

Na ule ucheshi wa dokkaebi umehamia jikoni. Kim Shin analazimika kukaa nyumba moja na mjumbe wa mauti, aliyeigizwa na Lee Dong-wook, na wawili hao hugombana kama watoto wa mke mwenza. Wana miaka mamia, wana uwezo wa kuzisimamisha saa, nao hutupiana vyombo vya mezani. Kuna tukio maarufu wanapotokea gizani katika ukungu, makoti yakipepea, wakienda kumwokoa Eun-tak mikononi mwa wadai wakatili. Na baadaye mwendo ule ule wa fahari warudiwa wakiwa wametoka sokoni na mafungu ya vitunguu vya majani. Mtungaji anajicheka mwenyewe hapo. Bila ya kicheko hicho huzuni ya sehemu za mwisho isingevumilika, au ingekuwa ya uongo.

Huyu mjumbe wa mauti astahili kuangaliwa peke yake, kwani ndiye ubunifu bora wa mchezo wote. Asimithilishwe na Ziraili mtoa roho. Ziraili ni malaika mwenye haiba ya amri ya Mungu, ilhali huyu ni karani. Ana kofia nyeusi, ana kadi zenye majina ya wafao na saa zao, ana wakubwa wa kuwaandikia taarifa. Hana jina, na mwanamke ampendaye anapomwuliza jina inambidi abuni. Hapo zamani alitenda dhambi kubwa katika maisha yake, na adhabu yake ni kuifanya kazi hii bila kukumbuka ni dhambi gani. Katika chumba chake cha chai hukaribisha roho moja moja, akamimina kikombe cha kusahaulisha, roho ikanywa na kwenda zake. Kusahau ni rehema inayogawiwa kwa kipimo, na wapo wakosaji wanaonyimwa kikombe ili wayakumbuke waliyoyatenda.

Mtazamaji atambua kabla ya mjumbe mwenyewe kwamba yeye ndiye Wang Yeo, mfalme aliyemwua Kim Shin na malkia wake. Anaiona picha ya malkia iliyochorwa zamani, machozi yanamtoka, wala hajui sababu. Wauaji na wauawa wamekuwa wakila meza moja. Swali linaloulizwa hapa ni zito: je, mtu aweza kutubia jambo asilolikumbuka? Na aliyedhulumiwa, ambaye hakusahau hata siku moja katika miaka 900, afanye nini na mdhalimu ambaye amekuwa rafiki yake wa pekee?

Jibu la mtungaji kwa Kim Shin si imara sana. Ghadhabu yake yapoozwa kwa kumpata towashi wa kale, ambaye ni mzimu bado, na ambaye aweza kukatwa kwa upanga. Adui wa nje hupunguza ugumu wa adui wa ndani. Hila hiyo ni kongwe. Lakini kwa Sunny, yule mwanamke mwenye duka la kuku wa kukaangwa ambaye ni malkia aliyezaliwa upya, jibu ni la kweli na la kushangaza. Yoo In-na aliigiza nafasi hii kwa wepesi wa ulimi unaoficha maumivu. Sunny anapokumbuka maisha yake ya zamani, na mbingu zinapoamua kuwafuta wote kumbukumbu kwa huruma, yeye anaikataa huruma hiyo kimya kimya. Akumbuka kila kitu, akajifanya amesahau. Kisha, ingawa ampenda mjumbe wa mauti, amwambia kwamba katika maisha haya wataachana. Hamlaani wala hamlipizi kisasi. Anamnyima tu, na kumnyima ndiyo hukumu. Hawakutani tena mpaka jina lake linapotokea katika kadi ya mwisho ya mjumbe, wakapanda ngazi pamoja. Katika mchezo uliojaa mizungu, hukumu hii ya binadamu asiye na uwezo wowote ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kwa upande wa Eun-tak lawama zimetolewa, na hazikosi haki. Yeye ni mwanafunzi mwenye sare ya shule, wa miaka 19 kwa hesabu ya Kikorea. Mwanamume anayempenda ana umbo la mtu mzima na umri wa karne. Kudai kwamba mizungu hufuta tofauti hiyo ni kukimbia swali. Lakini kasoro iliyo ndani zaidi ni nyingine. Kwa karibu nusu ya mchezo msichana huyu hajui kwamba kuuchomoa upanga ni kuua. Wanaume wawili wa nyumba ile wanajua, wakajadiliana, wakamficha, na kila mmoja akajiona mwenye huruma. Hatimaye mjumbe wa mauti amwambia, naye hukimbilia milimani kwenye kituo cha michezo ya theluji, mbali nao wote. Ni haki yake, na mchezo ungekuwa na nguvu zaidi lau ungalimpa nafasi ndefu zaidi ya kukasirika.

Hata hivyo Eun-tak ndiye aliyepewa tukio dogo ambalo huenda ndilo bora katika sehemu zote 16. Mmoja wa mizimu wanaomfuata ni msichana aliyekuwa akiishi katika gosiwon, yaani nyumba ya vyumba vyembamba sana, aghalabu vya watu wanaojitayarisha kwa mitihani, ambamo kitanda na meza havipishani. Amekufa, na mama yake yuaja kuchukua vitu vyake. Ombi la mzimu ni kwamba Eun-tak aende akajaze vyakula katika jokofu, ili mama asijue kwamba mwanawe alikuwa akilala na njaa. Basi. Hakuna muziki mkubwa unaohitajika hapo, wala upanga. Hadithi nzima ya vijana wa Seoul wanaosoma mpaka wanakauka imo katika jokofu lile, na yeyote aliyewahi kumwandikia mzazi kwamba hali ni njema, ilhali si njema, ataelewa kwa nini watazamaji walilia.

Majira ya kuonyeshwa kwa mchezo huu nayo yana sehemu yake. Jumamosi zile zile za Desemba 2016 na Januari 2017 umati wa watu ulijaa katika barabara za Seoul ukiwa na mishumaa mikononi, ukimtaka Rais Park Geun-hye aondoke, baada ya kufichuka kwamba rafiki yake, Choi Soon-sil, asiye na cheo chochote, alikuwa na sauti katika mambo ya serikali. Bunge lilipiga kura dhidi ya Rais siku ya Ijumaa tarehe 9 Desemba, na Mahakama ya Katiba ikamwondoa tarehe 10 Machi 2017. Usiku ule wa kura, tvN ilikuwa ikionyesha habari za nchi iliyowahi kuharibiwa na mnong'ono wa towashi sikioni mwa mfalme dhaifu. Kusema kwamba Kim Eun-sook alikusudia ni kuzidisha. Mfalme mwenye msiri mwovu ni mtu wa zamani katika michezo ya kihistoria ya Korea. Lakini mtazamaji haingii chumbani kwake bila ya habari za mchana.

Na kulikuwako jeraha la kabla ya hilo. Tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ilizama, watu 304 wakapotea, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa shule moja ya Ansan. Nahodha aliiacha meli, ilhali wanafunzi walikuwa wameambiwa wakae walipo. Yatazamwe tena mauti ya Eun-tak kwa ukumbusho huo. Kim Shin amekwisha kutoweka, amezunguka miaka tisa katika jangwa la theluji lisilo na mtu, amerudi, nao wameoana. Ndipo siku moja, barabarani, Eun-tak aliona lori linateremka mlimani bila ya kuzuilika kuelekea gari la watoto wadogo wa shule ya chekechea. Ana nafasi ya kukwepa. Analiweka gari lake kati ya lori na watoto. Mjumbe wa mauti hakuwa na kadi yenye jina lake, kwa kuwa kujitoa kwa binadamu hakuandikwi katika daftari lolote, na mbingu zenyewe hazikukutarajia. Msichana aliyeambiwa tangu kuzaliwa kwamba yeye ni chombo cha kuchomolea upanga wa mwingine amekufa kwa jambo alilolichagua yeye. Alivyolipokea tukio hilo mtazamaji wa Korea, miaka isiyotimia mitatu baada ya Sewol, si vigumu kukisia.

Zipo dosari nyingine za kupitiwa haraka. Sehemu za kati hulegea, na matangazo ya bidhaa yameingizwa katika hadithi kwa wingi unaoudhi: wahusika hula, hunywa na kununua samani kana kwamba wamelipwa, na ni kweli wamelipwa. Shairi la Kim In-yuk liitwalo Fizikia ya Mapenzi limetumiwa kwa ustadi pale Quebec, Kim Shin akilisoma kitabuni huku Eun-tak akivuka barabara kumjia; lakini mara nyingine nyimbo hufanya kazi ambayo waigizaji walikuwa wameshaimaliza.

Mwisho wenyewe wabishaniwa hata leo. Katika elimu ya mchezo huu binadamu ana maisha manne, ya kupanda mbegu, ya kumwagilia maji, ya kuvuna na ya kutumia alichovuna. Eun-tak amekataa kikombe cha kusahaulisha, ameahidi kurudi, na Kim Shin anangoja. Anarudi kweli: amezaliwa tena, amekuja Quebec na wanafunzi wenzake, amevaa sare, anamtazama mtu aliyeketi kando ya makaburi na kumtambua. Watazamaji wengi walifurahi. Lakini anayeketi pale amezungukwa na mawe ya watumishi aliowazika kizazi kwa kizazi, na msichana anayemkimbilia amerudi akiwa tena mtoto wa shule, naye ni yule yule, bila ya mvi. Miaka yote ya kungoja imepitwa kwa picha chache. Mjumbe wa mauti amekwenda zake na Sunny. Hakuna tena wa kugombana naye jikoni, wala wa kumwambia msichana huyu yale ambayo Kim Shin atataka kumficha.